UKUTA MKONGWE NA AMANI YA KWELI: Kukarabati na Kupanua Nyumba za Mawe za Vijiji vya Pwani Yetu





Huenda wapo miongoni mwenu waliosikia mada ya leo wakashangaa. Tume ya Haki na Amani ina nini na chokaa, mawe na boriti? Je, hayo si mambo ya mafundi? Tunajibu kwamba haki haikai hewani. Inakaa nyumbani: katika swali la nani alale chumba kipi, nani alipwe na nani asilipwe, nani afukuzwe baba mwenye nyumba akishazikwa. Na katika vijiji vyetu vya pwani, maswali hayo huzuka hasa siku familia inapokaa chini na kusema: nyumba ya babu inaanguka, tuikarabati, tena tuiongeze vyumba. Siku hiyo undugu hupimwa pamoja na ukuta.

Basi tutafuata njia tuliyoizoea katika jumuiya zetu, yaani kuona, kuamua na kutenda.

SEHEMU YA KWANZA: KUONA

Nyumba zenyewe

Kuanzia Moa na Jasini karibu na mpaka wa Kenya, kupitia Tongoni, Kigombe, Pangani, Kipumbwi, Mkwaja na Saadani hadi Bagamoyo, wazee wetu wa pwani walijenga kwa kile Mungu alichowawekea karibu. Mawe yalikuwa ya matumbawe, yaani mwamba wa zamani wa bahari ambao leo tunaukuta nchi kavu. Chokaa ilitokana na mawe yale yale yaliyochomwa katika tanuu. Boriti zilitoka katika mikoko. Udongo mwekundu na mchanga vilichanganywa na chokaa kuunganisha jiwe na jiwe. Kuta zilikuwa nene, nusu mita au zaidi, na vyumba vilikuwa virefu lakini vyembamba. Wembamba huo haukuwa ushamba. Boriti ya mkoko hubeba dari ya mawe na chokaa vizuri kwa upana usiozidi mita mbili na nusu au tatu, na fundi alikiheshimu kipimo hicho.

Kazi hiyo ni ya kale sana. Tongoni, kusini ya mji wa Tanga, kuna magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya 40 ya mawe ya matumbawe, ambayo wataalamu huyahesabu kuwa ya karne ya 14 na ya 15. Misingi yake ilikuwa imekwisha kuwekwa kabla meli za Vasco da Gama hazijapita mwambao huu mwaka 1498. Ikiwa ukuta uliojengwa kwa chokaa umekabili pepo za kusi na kaskazi kwa miaka zaidi ya 500, basi hatuna haki ya kuudharau ujuzi uliousimamisha.

Nyumba nyingi za namna hiyo ni za familia za ndugu zetu Waislamu, ambao ndio wenyeji wa kwanza wa ujenzi huu. Nyingine ni nyumba za zamani za misheni, za mashamba ya mkonge, na za familia za Kikristo zilizozinunua au kuzirithi. Ukuta mkongwe hauulizi dini ya anayelala ndani yake. Kwa hiyo tunayoyasema leo tunayasema kama majirani, na tunaomba myafikishe kwa majirani.

Waliobeba mawe

Tukiutazama ukuta huo, tusione mawe tu. Katika karne ya 19 bonde la mto Pangani lilikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, na mji wa Pangani ulikuwa mmojawapo wa milango ya biashara ya pembe za ndovu na ya binadamu. Biashara hiyo na ujenzi wa nyumba za matajiri wake havikuwa na mipaka kati yao: mikono iliyotiwa minyororo ndiyo iliyobeba mawe. Kuhusu Boma la Pangani, wenyeji husimulia hata leo kwamba watumwa walizikwa hai chini ya nguzo zake ili jengo lisimame imara. Watu wa Pangani wamelihifadhi simulizi hilo kizazi baada ya kizazi, kwa sababu walijua kwamba uzuri wa jengo waweza kuficha kilio.

Bagamoyo, mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1868, wakawapokea watu waliokombolewa utumwani na kuwajengea kijiji. Watu hao ndio waliofanya kazi katika mashamba na majengo ya misheni. Tunapowapeleka mahujaji Bagamoyo kutazama mnara wa kanisa la zamani ambapo mwili wa Dk. Livingstone uliwekwa mwezi Februari 1874, tuwaeleze pia habari za mikono hiyo isiyoandikwa majina. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika Tanganyika hadi mwaka 1922. Hayo si mambo ya kale mno. Wapo kati yetu ambao babu za babu zao walizaliwa kabla ya sheria hiyo.

Yanayotokea leo

Leo tunaona mambo matatu.

Kwanza, nyumba zinaachwa. Vijana wamehamia Tanga mjini, Dar es Salaam au Mombasa. Bati moja likitoboka halizibwi, mvua huingia juu ya ukuta, boriti huoza ncha, na msimu wa masika unaofuata chumba kizima huanguka. Mawe huchukuliwa na wapita njia.

Pili, nyumba zinatengenezwa kwa namna inayoziua. Mtoto aliyefanikiwa mjini hutuma fedha, mafundi hununua saruji, na ukuta wa zamani hupigwa lipu ya saruji laini, nje na ndani. Mwaka wa kwanza nyumba hung'aa, na majirani husifu. Mwaka wa pili au wa tatu lipu huanza kuvimba, unga mweupe wa chumvi hutokeza, na mabamba mazima hudondoka yakiwa yameng'oa na ngozi ya ukuta. Hapo watu husema: nyumba hizi za mawe hazifai, tubomoe.

Tatu, ukarabati unakuwa mlango wa dhuluma. Tuchukue mfano ambao kila jumuiya itautambua. Baba amefariki. Mama mjane amebaki katika chumba cha uani. Mtoto wa kiume aliye mjini anataka kuongeza vyumba vinne ili apangishe. Dada zake walioolewa hawaulizwi. Mjane anaambiwa aende kwa kaka zake kwa muda, mpaka kazi iishe. Kazi inaisha, na muda ule hauishi. Fundi mzee aliyejua chokaa amelipwa nusu, na nusu iliyobaki anaahidiwa baada ya wapangaji kuingia. Boriti zimekatwa usiku katika mikoko ya kijiji. Nyumba imependeza, na familia imevunjika.

SEHEMU YA PILI: KUAMUA

Maandiko yatuambia nini?

Nabii Ezekieli, katika sura ya 13, anawakemea manabii waliowapotosha watu kwa kutangaza amani mahali pasipokuwa na amani. Tena anatumia mfano wa ujenzi. Watu wamesimamisha ukuta dhaifu, na manabii wale wanakuja kuupaka chokaa ambayo haikukorogwa sawasawa. Mvua inakuja, ukuta unaanguka, na msingi wake unaonekana wazi. Ndugu zangu, hakuna tume ya haki na amani duniani iliyopewa mfano ulio karibu zaidi na maisha ya watu wake kuliko huo tuliopewa sisi wa pwani. Lipu inayong'aa juu ya ukuta unaooza, na maneno matamu ya amani juu ya familia iliyodhulumiana, ni kosa lile lile moja.

Kitabu cha Walawi, sura ya 14, kinatupa njia nyingine. Pale nyumba ilipoota madoa ya ugonjwa ukutani, mwenye nyumba hakuruhusiwa kuyapaka rangi. Alikwenda kwa kuhani. Kuhani aliamuru nyumba itolewe vitu, akaingia na kuikagua, akaifunga kwa siku saba, akarudi kuitazama tena. Madoa yakiwa yameenea, mawe mabovu yaliondolewa na kutupwa nje ya mji, ukuta ukakwanguliwa ndani pande zote, mawe mengine yakawekwa mahali pake, na lipu mpya ikapigwa. Ni pale tu ugonjwa ulipokataa kabisa kutoka ndipo nyumba ilipobomolewa. Angalieni utaratibu huo: kukagua, kusubiri, kuondoa kilichooza, kuweka kilicho kizima, na mwisho ndipo lipu. Sisi tumezoea kuanza na lipu.

Nabii Yeremia (22:13) anamwonya mfalme anayejijengea jumba kwa kuwafanyisha watu kazi bila ujira. Habakuki (2:11) anasema kwamba jiwe litalia kutoka ukutani na boriti itaitikia. Mtume Yakobo (5:4) anasema kwamba ujira ulioshikiliwa unalia, na kilio hicho kimemfikia Bwana. Basi simulizi la wazee wa Pangani na sauti ya Habakuki vinakutana: nyumba iliyojengwa kwa dhuluma ina sauti.

Mafundisho ya Kanisa

Mwaka 1891 Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum, alifundisha kwamba mapatano ya mshahara hayatoshi yakiwa mnyonge amekubali kwa sababu ya njaa. Ujira wa haki sharti umwezeshe mfanyakazi kuishi. Mwaka 1981 Papa Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens, alikazia kwamba mtu anayefanya kazi ni mkubwa kuliko kazi yenyewe na kuliko mali inayotokana nayo. Na mwaka 2015 Papa Fransisko, katika Laudato Si', alituonyesha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini ni kilio kimoja. Mkoko ukikatwa ovyo, anayeumia kwanza ni mvuvi mdogo na mama anayeokota kaa na chaza.

Mwalimu Nyerere naye alituachia neno. Mwaka 1977, akipima miaka kumi ya Azimio la Arusha, alilalamika kwamba watu wetu wameshikwa na ulevi wa bati na saruji, wakiiona saruji kuwa udongo wa Ulaya, hata wakakataa kujenga nyumba bora kwa matofali ya kuchoma na vigae vya kwao wenyewe. Aliuita ulevi huo kupooza kwa akili. Hatusemi kwamba saruji ni mbaya. Tangu mwaka 1980 inatengenezwa hapa hapa Pongwe, kutokana na mawe ya chokaa ya ardhi yetu, na ina kazi zake. Tunasema kwamba kila kitu kina mahali pake, na kwamba kumdharau fundi wa chokaa kwa sababu tu hana mfuko wenye maandishi ni namna ya kujidharau wenyewe.

SEHEMU YA TATU: KUTENDA

Tufanye nini basi? Tunapendekeza hatua saba.

1. Anzeni na watu, si na mwiko

Kabla jiwe moja halijaguswa, familia ikutane. Ijulikane nyumba ni ya nani, kiwanja ni cha nani, mirathi imefunguliwa au la. Mjane akae katika kikao hicho kama mwenye neno, si kama mgeni. Mabinti waitwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatamka kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanaume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Na mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Shauri lile lilihusu talaka, si mirathi. Hata hivyo linatufundisha jambo kubwa: aliyepika, aliyechota maji na kulea watoto wakati nyumba inajengwa, naye alijenga.

Makubaliano yaandikwe: nani anatoa fedha, vyumba vipya vitakuwa vya nani, kodi itagawanywaje, na mama atakaa wapi wakati wa kazi na baada ya kazi. Mwenyekiti wa jumuiya au wa kitongoji awe shahidi.

2. Kagueni, mkasubiri

Fuateni busara ya Walawi. Nyumba itazameni wakati wa masika, maji yanapoonyesha njia zake, na tena wakati wa kiangazi. Wekeni alama kwenye kila ufa, mrudi baada ya miezi kadhaa kuona kama umeongezeka. Ufa wa zamani uliotulia hauna haraka. Ufa unaotembea una sababu chini yake au juu yake. Gongeni lipu kwa fundo la kidole: ikilia kama ngoma imeachana na ukuta. Chomeni ncha za boriti kwa msumari mahali zinapoingia ukutani, kwa maana ndipo zinapoanza kuoza.

3. Toeni maji kwanza

Adui wa nyumba ya mawe ni maji. Rekebisheni paa kabla ya kitu kingine chochote. Panueni mwisho wa paa ili maji yaanguke mbali na ukuta. Chimbeni mfereji wa kuyapeleka mbali. Ondoeni udongo na takataka zilizojikusanya msingini kwa miaka mingi hata ardhi ya nje ikawa juu kuliko sakafu ya ndani. Ng'oeni miti iliyoota ukutani ingali midogo. Kazi hizi ni za jembe na nguvu za vijana, na mara nyingi huokoa nyumba kabla hata ya kununua kitu.

4. Rudisheni chokaa mahali pa chokaa

Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa nje polepole. Unapumua. Chokaa, kwa kuwa ni laini na yenye vitundu, inauacha upumue. Saruji ni ngumu na imejifunga. Ukiivika nje ya ukuta huo, unyevu unakosa njia, unapanda juu zaidi, na chumvi iliyomo katika mawe ya bahari inajikusanya nyuma ya lipu na kuisukuma. Hiyo ndiyo sababu ya ile lipu inayodondoka kwa mabamba. Kosa si la mawe.

Kwa hiyo lipu ya saruji iliyoachana iondolewe kwa patasi na nyundo ndogo, bila kuutikisa ukuta. Kisha ukuta uachwe wazi miezi kadhaa ukauke. Mkiianza kazi hiyo mara masika yanapokwisha, pepo za kusi zitawasaidia. Mawe yaliyooza yatolewe moja moja na kuwekwa mengine ya aina ile ile.

Chokaa yenyewe hutokana na jiwe lililochomwa kwa joto la nyuzi zipatazo 900, wakati saruji yahitaji nyuzi 1,450 hivi. Chokaa iliyochomwa ikitiwa maji huchemka kwa nguvu na yaweza kupofusha, kwa hiyo watoto wakae mbali na mafundi wakinge macho. Ikishatulia, iachwe shimoni ikiwa imefunikwa kwa maji, majuma kadhaa au zaidi. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa nzuri. Kipimo cha kawaida ni sehemu moja ya chokaa kwa sehemu tatu za mchanga safi usio na chumvi. Lipu ipigwe kwa tabaka nyembamba, kila moja ikisubiri nyingine ishike, ikikingwa na jua na kunyunyiziwa maji kwa siku kadhaa. Chokaa haikauki kwa haraka kama saruji. Inavuta hewa na kurudi polepole kuwa jiwe. Mwenye haraka atashindwa, na chokaa isiyokorogwa vema ni ile ile ya Ezekieli.

5. Msiibe bahari wala msitu

Hapo zamani wazee walichukua matumbawe hai baharini kwa ajili ya kazi za urembo, wakakata mikoko walivyohitaji, nao walikuwa wachache. Sisi tu wengi. Matumbawe hai ni nyumba ya samaki, na mikoko ni malezi ya kamba na ukuta wa pwani dhidi ya mawimbi. Tangu mwaka 2009 sehemu ya bahari yetu ya Tanga imo katika Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, na misitu ya mikoko inalindwa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Boriti zisizo na kibali ni mali ya wizi, hata kama zimenunuliwa kwa fedha halali. Tukumbuke pia kwamba tangu mwaka 1994, chini ya mpango wa hifadhi ya pwani mkoani Tanga, wanavijiji wenyewe walishiriki kupanda mikoko iliyokuwa imekatwa. Tusikate usiku kile ambacho jirani yetu alipanda mchana.

Njia nyingine zipo. Mawe ya vyumba vya nyumba hiyo hiyo vilivyoanguka yatumike tena. Mawe ya nchi kavu yachimbwe kwa ruhusa ya kijiji, na shimo lifukiwe. Mnazi mzee usiozaa tena una mbao ngumu katika sehemu ya nje ya shina lake, hasa upande wa chini. Moyo wake ni laini na haufai kubeba uzito. Tanuu nalo hula kuni nyingi, kwa hiyo ni afadhali familia tano zichome chokaa pamoja kwa minazi iliyokufa kuliko kila moja kuwa na tanuu lake.

6. Panueni kwa adabu

Chumba kipya kisiuonee ukuta wa zamani. Msingi wake uwe wa mawe na ufike kwenye ardhi ngumu. Pale jengo jipya linapokutana na la zamani, acheni nafasi nyembamba ijazwe kwa chokaa laini, kwa sababu jengo jipya litashuka kidogo wakati la zamani limekwisha kutulia. Yakifungwa kwa nguvu, moja litampasua mwenzake. Msipakie ghorofa juu ya ukuta usiojulikana msingi wake. Fuateni upana wa vyumba wa wazee, au wekeni nguzo katikati.

Kwa kuta mpya, matofali ya udongo yaliyoshindiliwa vizuri, yakisimama juu ya msingi wa mawe na kupigwa lipu ya chokaa, yanatosha kabisa kwa nyumba ya chini. Mkonge, ambao uliletwa Kikogwe karibu na Pangani mwaka 1893 na ukawatesa manamba kwa miaka mingi, sasa waweza kututumikia: nyuzi zake fupi zikichanganywa na udongo huzuia nyufa. Saruji itumike pale inapostahili, kama vile tangi la maji na sakafu ya choo. Barazani msipaondoe. Nyumba inayoondoa baraza ili kupata duka huwa imeondoa kiti cha jirani.

Na kabla ya kubomoa chochote, ulizeni. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo ya kabla ya mwaka 1863, na inalinda pia milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Mlango wa babu si wa kuuzwa kwa mgeni anayepita na gari.

7. Mlipeni fundi, mkamfundishe kijana

Kumbukumbu la Torati (24:14-15) linaagiza kwamba kibarua maskini alipwe siku ile ile, kabla jua halijatua, kwa kuwa moyo wake unautazamia ujira huo. Basi mapatano yawe ya maandishi, na malipo yatolewe kila Jumamosi kwa kazi iliyokwisha fanyika. Wanawake wanaobeba maji na mchanga, na wanaoponda sakafu ya chokaa kwa nyimbo zao, walipwe kwa kazi yao na wasiitwe wasaidizi tu. Fedha zikiisha, kazi isimame. Ni afadhali chumba kimoja kilicholipiwa kuliko vinne vyenye deni la jasho la watu.

Mafundi wanaojua chokaa wamezeeka. Kila nyumba inayokarabatiwa iwe darasa: fundi mzee mmoja na vijana wawili, Mkristo na Mwislamu, wakila chungu kimoja. Fundi alipwe kwa kujenga na alipwe pia kwa kufundisha. Ujuzi uliohimili miaka 500 waweza kufa katika kizazi kimoja, na ukifa hautanunuliwa dukani.

HITIMISHO

Ndugu wapendwa, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba amani si kukosekana kwa vita tu, bali ni tunda la haki. Tunaweza kulisema hilo kwa lugha ya mafundi wetu: lipu ni ya mwisho. Kwanza maji yaondolewe, jiwe bovu litolewe, jiwe zima lipachikwe, na chokaa ikorogwe vema. Ndivyo ilivyo katika familia na katika kijiji. Tukianza na lipu, yaani na maneno ya suluhu wakati mjane analala nje na fundi hajalipwa, mvua itakuja, na msingi wetu utaonekana wazi.

Hatuwezi kuwarudishia ujira wale waliobeba mawe haya wakiwa watumwa. Lakini tunaweza kuhakikisha kwamba jiwe tunaloongeza sisi limelipiwa. Mtume Petro anatuita mawe hai katika nyumba ya Mungu. Nyumba zetu za duniani nazo zistahili jina hilo.

MASWALI KWA AJILI YA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Katika kijiji chetu ni nyumba zipi za mawe zinazoachwa zianguke? Ni nani wanaoishi ndani yake, na je, kuna mjane au yatima ambaye haki yake haijaandikwa?

2. Ni fundi yupi katika eneo letu ajuaye chokaa? Amelipwa? Ni kijana gani tunaweza kumpeleka ajifunze kwake?

3. Boriti na mawe yanayouzwa kwetu yanatoka wapi? Je, jumuiya yetu iko tayari kukataa yasiyo na kibali?

4. Nyumba ya padre na majengo ya parokia yetu yanakarabatiwa kwa vifaa gani, na vibarua wake wanalipwa lini?

5. Ni neno gani la amani linalotamkwa katika jumuiya yetu juu ya ukuta ambao bado haujakaguliwa?

Mungu awabariki, na azibariki kazi za mikono yenu. Amina.